Mdogo wangu anataka PS5, muuzaji ananisukumia Xbox: nichukue ipi?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Naishi na mdogo wangu wa miaka 15 tangu alipoanza kidato cha kwanza. Mwezi ujao ni zamu yangu kupokea mchezo (upatu) tunaocheza walimu pale shuleni, na nimemwahidi kwamba sehemu ya pesa hiyo tutanunua mashine ya gemu. Ni mtoto msikivu na darasani hanipi shida. Ninachotaka ni acheze nyumbani, asishinde kwenye banda la gemu la mtaani, maana siku hizi pale kuna vijana wakubwa wanaocheza kwa kuwekeana pesa.

Shida ipo kwenye kuchagua. Mdogo wangu hataki kusikia kitu kingine zaidi ya PS5, yaani PlayStation 5 ya Sony. Ukimuuliza sababu anakutajia Spider-Man na God of War, kwamba hazipatikani kwenye Xbox hata ulie machozi. Muuzaji mmoja hapa mjini anasema naharibu pesa. Anataka nichukue Xbox Series S ya Microsoft, mpya kwenye boksi, bei ya chini kabisa kuliko PS5, na ukilipia kwa mwezi unapata mamia ya gemu bila kununua hata moja. Halafu kuna binamu yangu aliyeko Muscat, anakuja likizo. Anasema tusihangaike na maduka ya hapa, atatuletea Nintendo Switch kama ile wanayochezea watoto wake, familia nzima inacheza Mario kwa raha.

Nina hofu kwa sababu jambo hili limeshanikuta. Nilipokuwa chuo nilinunua mashine iliyotumika kwa sababu tu ilikuwa rahisi. Rafiki zangu wote walikuwa na ya kampuni nyingine. Wao wakibadilishana CD kila wiki, mimi zangu haziingii kwa mtu yeyote na zao haziingii kwangu. Gemu zilizokuwa zikizungumzwa bwenini sikuweza kuzicheza. Mwisho niliiuza kwa hasara, na sitaki mdogo wangu apitie hayo.

Naomba unieleze mambo mawili. Kwanza, kwa nini kampuni zinafungia gemu kwenye mashine moja, wakati ile ya mpira ipo kwenye mashine zote na haijamdhuru mtu? Pili, nikitoa pesa yangu safari hii, nitajuaje kwamba sifungiwi nje tena?

Ni mimi, Mwalimu wa Tanga.

*

Marahaba, mpwa wangu. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Kama pesa ya mchezo inatosha, chukua PS5 yenye sehemu ya kuingizia CD. Isipotosha, tafuta PS4 iliyotunzwa vizuri na usione haya. Series S siyo mashine mbaya, lakini kwa maisha uliyonieleza haikufai.

Sasa tuje kwenye kufungia. Kampuni hizi hazitegemei faida ya mashine yenyewe. Mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple kule Marekani, kiongozi mmoja wa Xbox alieleza mbele ya mahakama kwamba Microsoft haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine. Ni kama mtungi wa gesi: wanakupa wa kwanza kwa bei ya kukuvutia, kisha wanakula kwenye kujaza. Kila gemu inayouzwa kwenye duka lao la mtandaoni, mwenye mashine anachukua takriban asilimia 30 hata kama gemu hiyo hakuitengeneza yeye. Kwa hiyo vita yote ni ya kukuingiza ndani. Ukishaingia, ukanunua gemu tano na pedi ya pili, ukafungua na akaunti, kuhama kunakuwa hasara, kama ulivyoonja mwenyewe chuoni. Gemu ya mpira haiwezi kukuvuta namna hiyo kwa sababu ipo kila mahali. Spider-Man inaweza.

Na imewahi kuvuta kwelikweli. Kampuni ya Square ya Japani ilikuwa ikitoa gemu za Final Fantasy kwenye mashine za Nintendo, sita za kwanza zote. Nintendo 64 ilipokuja mwaka 1996 ikiwa bado inatumia kaseti, Square waliona gemu yao mpya haiingii humo. Wakahamia kwa Sony, na Final Fantasy VII ikatoka kwenye PlayStation mwaka 1997 ikiwa na CD tatu. Wapenzi wa gemu hizo wakahama nayo. Haikuwa sababu pekee, lakini mwisho wa safari PlayStation ya kwanza ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 100 na Nintendo 64 kama milioni 33. Microsoft nao walijifunza somo hilo. Gemu ya Halo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 kwenye jukwaa la Apple, na aliyeitambulisha ni Steve Jobs mwenyewe. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua studio nzima ya Bungie, na Novemba 2001 Halo ikatoka pamoja na Xbox ya kwanza. Bila gemu ile sidhani kama leo tungekuwa tunaitaja Xbox.

Lakini mwalimu, hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu ndipo mdogo wako anapokosea na wauzaji wengi wanapokosea. Gemu iliyofungiwa haiuzi mashine peke yake. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Mario Kart 8. Mwaka 2014 ilitoka kwenye Wii U ya Nintendo. Gemu nzuri, ya mashine hiyo tu, huipati kwingine kokote duniani. Wii U ikauzwa milioni 13 na nusu hivi mpaka inakufa, na Mario Kart 8 ikaishia kwenye nakala kama milioni nane na nusu. Watu hawakuielewa mashine ile. Wengine walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii ya zamani, na kampuni nyingine zikaacha kuitengenezea gemu. Kisha mwaka 2017 Nintendo wakaichukua gemu ileile, wakaiongezea vitu, wakaitoa kwenye Switch. Imevuka nakala milioni 60, na Switch yenyewe imevuka milioni 150. Barabara ni zilezile na magari ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba mashine ya pili watu wanaweza kuibeba, rafiki zao wanayo, na gemu nyingine nazo zipo.

Ndiyo maana mtu akiniambia "nanunua kwa sababu ya gemu fulani", namuuliza habari za rafiki zake kabla sijamuuliza habari za gemu.

Jambo la pili ambalo mdogo wako huenda hajalifuatilia ni kwamba miaka hii kufuli zenyewe zinafunguka, ila zinafunguka zaidi upande mmoja. Februari 2024 Microsoft walitangaza kupeleka gemu zao nne kwenye mashine za washindani, na hawakuishia hapo. Aprili 2025 Forza Horizon 5 iliingia PS5. Agosti mwaka huohuo ikafuata Gears of War. Oktoba 2025 wakatangaza kwamba Halo iliyotengenezwa upya itakuja PS5. Halo, mpwa wangu! Ile iliyoijenga Xbox. Sony wao wamekuwa wakitoa gemu zao kubwa kwenye kompyuta baada ya muda, kama walivyofanya kwa God of War mwaka 2022. Kwenye Xbox wamepeleka Helldivers 2, mwaka 2025, lakini Spider-Man na God of War bado hazipo huko. Nintendo hawajapeleka gemu zao kwenye mashine za washindani. Mario na Zelda wako kwao, na nisingemshauri mtu asubiri wahame.

Ukiliweka hilo mezani, hesabu inaonekana. Mwenye PS5 leo anapata gemu za Sony na sehemu inayoongezeka ya gemu za Xbox. Mwenye Xbox anapata za Xbox, na za Sony mojamoja sana. Hofu yako ya kufungiwa nje ni kubwa zaidi upande ambao muuzaji anakusukumia.

Zile gemu kubwa kupita kiasi hazina haja ya kukusumbua. EA Sports FC (ile ya mpira), Call of Duty na GTA ni kubwa mno kufungiwa. Microsoft walipoinunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7, Sony waliogopa sana kwamba gemu hiyo itaondolewa PlayStation. Wasimamizi wa ushindani wa Marekani na Uingereza wakaingilia, na Julai 2023 Microsoft wakasaini na Sony mkataba wa miaka 10 wa kuibakiza. GTA VI nayo imetangazwa kwa PS5 na kwa Xbox Series X na S, zote pamoja. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia "hii ndiyo ya GTA", zote mbili ni za GTA.

Yote hayo yanamhusu mnunuzi wa popote. Wewe uko Tanga, na hapo kuna mambo ambayo video nyingi za mtandaoni anazotazama mdogo wako hazimwelezi.

Chukua habari ya hiyo Helldivers 2. Ilipotoka kwenye kompyuta Februari 2024, watu waliinunua nchi nyingi, hata nchi ambazo Sony hawana huduma ya akaunti za PlayStation. Mwezi Mei Sony wakasema kila mchezaji lazima aunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, Tanzania na Kenya zikiwemo. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima na baada ya siku chache Sony wakalifuta sharti. Naitaja kwa sababu inaonyesha tulipo kwenye ramani yao. Vijana wetu wanaocheza PlayStation mtandaoni wengi wametumia akaunti za nchi nyingine na kadi za malipo za huko, na kampuni ikiamua kubana, hakuna dawati la kulalamikia. Duka la mtandaoni siyo msingi wa kujengea pesa ya mchezo ya mwalimu.

Msingi wako ni CD. Series S haina kabisa sehemu ya kuingizia CD. Igeuze pande zote pale dukani, hutaiona. Kila gemu ni ya kupakua. Diski yake ya ndani kwa toleo la kawaida ni GB 512, na sehemu ya hiyo inamezwa na mfumo wenyewe. Call of Duty peke yake inaweza kula zaidi ya GB 100. Piga hesabu ya bando, mwalimu. Yale "mamia ya gemu" aliyokutajia muuzaji ni ya kweli, ila kila moja inapita kwenye intaneti yako, na siku ukiacha kulipia mwezi zinafungwa zote. Mtu mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo nyumbani, na rafiki zake wako hukohuko, nitamwambia achukue Series S bila wasiwasi. Wewe hukuniandikia habari ya intaneti ya waya, ila uliniandikia habari ya kubadilishana CD.

CD ina uhai wake kwetu. Unainunua, unaicheza, unaiazima, unabadilishana, siku ukikwama unaiuza. CD za PS4 karibu zote zinasoma kwenye PS5 yenye sehemu ya CD, kwa hiyo mzigo wote uliomo mtaani unakuwa wako. Kuwa macho tu, maana PS5 nazo zipo zisizo na CD, zinazoitwa Digital, na zinauzwa rahisi kidogo. Usiingie mtego huo kwa kuokoa pesa ambayo utairudisha kwenye bando.

Sasa keti na mdogo wako, mwambie aandike gemu anazotaka kucheza kweli mwaka huu na mwakani, na pembeni aandike majina ya atakaocheza nao. Nakubashiria orodha yake. Spider-Man ya 2018 ipo kwenye PS4. Miles Morales, nayo ya Spider-Man, ipo. God of War ya 2018 ipo, na Ragnarök ya 2022 ipo pia kwenye PS4. Hata EA Sports FC 26 imetoka kwenye PS4. Kinachomkosesha usingizi kitakuwa Spider-Man 2 ya 2023, ambayo kwa upande wa PlayStation ni ya PS5 peke yake, na GTA VI. Kwa hiyo PS5 anayoitaka kwa sababu ya "gemu zisizopatikana kwingine", nyingi kati ya hizo zinacheza kwenye mashine ya kizazi kilichopita, kwa bei ya chini sana, na CD zake zimejaa mitaani. Ukianza na PS4 leo na kuhamia PS5 baadaye, CD zinakwenda na wewe. Hakuna kilichopotea.

Na hapohapo, kaka mtu, geuza kasha la kila gemu uangalie namba ya umri. God of War kwa vipimo vya Ulaya ni ya miaka 18, na Spider-Man ni 16. Mimi kwa kijana wa 15 mtulivu, anayecheza sebuleni kaka yake yupo, Spider-Man ningemruhusu. God of War ningeicheza mimi kwanza, niione damu yake ilivyo, ndipo niamue. Umesema unamtoa bandani ili umlinde, basi ulinzi uendelee mpaka kwenye kasha.

Binamu yako wa Muscat usimkatishe tamaa. Kwa nyumba yake yenye watoto wadogo, Switch ni chaguo zuri, pengine zuri kuliko yote, watoto wanne kwenye kochi moja na Mario Kart. Ila gemu za Nintendo hazishuki bei haraka, na kwa CD za mtaani kwako hazina uhusiano wowote, maana Switch inatumia kadi zake ndogo. Atakayecheza Tanga ni mdogo wako na rafiki zake, na kwa maelezo yako mdogo wako hataki kingine ila PlayStation. Mwombe binamu akuulizie bei ya PS5 yenye CD huko Muscat, ulinganishe na ya hapa. Plagi ya Oman ni ileile ya pini tatu tunayotumia sisi, na umeme hautakusumbua. Gemu zake zitacheza hapa bila kizuizi cha nchi. Ukitaka nyongeza za kupakua juu ya CD, akaunti na CD ziwe za ukanda mmoja, la sivyo zinakataana. Risiti aje nayo, lakini fahamu kwamba dhamana ya duka la Muscat ikihitajika utairudisha mashine kulekule, kwa hiyo kama tofauti ya bei ni ndogo, nunua kwa mtu unayeweza kumrudia kwa daladala.

Ukiangukia PS4 iliyotumika, nenda na mdogo wako, na nenda na CD yenu mkononi. Iingizwe, isome, gemu ifunguke mpaka mcheze mchezo mzima wa mpira palepale. Sikiliza feni, kama inavuma kama inataka kupaa, ama ina vumbi ama imechoka. Jaribu pedi zote mbili, hasa vijiti, uviachie uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Hakikisha akaunti ya aliyeitumia mwanzo imeondolewa mbele ya macho yako. Muuzaji akikwambia "utaifanya nyumbani", iache hapo mezani, PS4 ziko nyingi.